Saa Nne Juu ya Jebel Kujur

Wazo la kupanda Jebel Kujur lilitoka kwa wanakwaya wenzangu, nami nikalipokea kwa pupa kabla ya kulifikiria. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mwaka wa tatu tangu mkataba wa amani, wakati watu wa Juba walikuwa bado wanajifunza kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani kwenda mahali kwa raha tu. Mwenzetu mmoja, Mganda aliyeuza vipuri vya pikipiki kule Sherikat na kuimba besi, alinyoosha kidole magharibi.

"Hii mlima kila siku iko inaniangalia," alisema. "Twende juu siku moja, tukule chakula huko, turudi."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekulia Kenya, na niliwahi kuwasimulia, kwa majivuno kidogo, jinsi tulivyopanda Vilima vya Ngong nikiwa shuleni. Wakasema basi, wewe ndiye utakayepanga safari.

Nyumbani Gudele niliishi na shangazi yangu, dada ya baba, ambaye hakutoka Juba hata siku moja wakati wote wa vita. Nilipomweleza alikuwa akikata bamia. Kisu kikasimama.

"Huko juu hakuna mti," alisema. "Ukisimama pale, kila mtu anakuona."

"Nani atatuangalia sasa, shangazi? Vita vimekwisha."

"Vimekwisha, ndiyo. Lakini jirani yangu alikwenda huko kutafuta kuni, hakurudi. Wewe unajua alikanyaga nini?"

Sikujua. Nilikuwa Kenya, darasani, nikiimba majedwali ya kuzidisha. Aibu ile ndiyo iliyonianzishia wasiwasi, na wasiwasi ukishaingia kwangu haubishi hodi mara ya pili.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye ofisi ya watu wanaotegua mabomu ya ardhini. Kijana mmoja mpole alinifunulia ramani. Njia ya upande wa mashariki, iliyotazama mjini, walikuwa wameisafisha mpaka juu na kuipaka kijani kwenye ramani. Upande wa nyuma haukuwa na rangi yoyote.

"Huko kuna mabomu?" nikauliza.

"Hatujafika huko."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Kwa hiyo hatujui, dada." Akanieleza mawe: jeupe maana yake pita, jekundu maana yake simama hapo hapo. Nikamwomba arudie, ingawa nilikuwa nimeelewa.

Kisha nikaenda chini ya mlima, ambako akina mama walikuwa wakiponda mawe kuwa kokoto za kuuza. Mmoja, mwenye vitambaa vilivyofungwa vidoleni, alinisikiliza, kisha akasema mabomu nimekwisha kuyaulizia, lakini je, radi? Mwezi ule wa mvua za kwanza, wingu lilikuwa likizaliwa nyuma ya mlima, mahali ambapo mtu wa mjini halioni. "Ukiwa kwenye mgongo wa mlima, wewe ndiwe mti," alisema. "Shukeni kabla jua halijasimama utosini."

Hapo nikaandika masharti. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu abebe lita tatu za maji. Tutembee mmoja nyuma ya mwingine. Ikifika saa nne, popote tulipo, tunageuka. Niliposoma karatasi ile baada ya mazoezi ya kwaya walicheka, na yule Mganda akacheka kuliko wote.

"Dada, hii ni pikiniki ama ni jeshi?"

"Ukitaka pikiniki, kaa Sherikat."

Papo hapo nikajutia sauti yangu. Siku zile nilikuwa nikiwafokea watu bila sababu. Nilitazama mlima kutoka dirishani ofisini, nikatuhesabu: tulikuwa saba, na kila mmoja alikuwa na mama mahali fulani.

Jumamosi tuliondoka kwa wakati. Njia ilipanda katikati ya majabali, mawe meupe yakituongoza, na kwa muda nikasahau kuogopa. Kisha tukatokea kwenye mgongo wa mlima. Upepo ulitupokea kwa ghafla. Hakukuwa na kichaka cha kushikilia, kulia kuna mji, kushoto kuna ule upande usio na rangi. Huko nyuma ya mlima nikaona wingu, dogo, jeupe, chini yake kukiwa na kivuli.

Upepo ukanyakua kofia ya yule Mganda. Ikaruka kushoto, ikatua kwenye nyasi, hatua sita hivi kutoka njiani. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kutoka.

"Simama!"

Akasimama. Alikuwa hatua mbili nje ya mstari wa mawe.

"Ni hapo tu, dada. Naiona."

"Usisogee. Tazama ulipokanyaga. Rudi nyuma, weka mguu pale pale."

Nadhani ni sauti yangu iliyomtisha, maana haikuwa kali tena, ilikuwa inalia. Alishusha mguu mmoja kwenye alama yake, kisha wa pili. Aliporudi njiani tuliona shati lake limelowa mgongoni. Hakuna aliyecheka. Kofia ilibaki ikitikisika kwenye nyasi.

Saa yangu ilionyesha saa nne kasoro dakika tano. Kilele kilikuwa karibu sana, labda robo saa.

"Tunageuka," nikasema.

Walilalamika, hata baada ya ile kofia. Mmoja aliniambia nimewaharibia siku. Tukashuka bila kuimba, tukala viazi na mayai kwenye kivuli cha jabali karibu na wale akina mama wa kokoto. Mvua haikunyesha. Wingu lile lilitawanyika, na mchana wote mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Walinikumbusha jambo hilo kwa miezi kadhaa. Yule Mganda peke yake hakunitania, ila kwa wiki mbili alikwepa macho yangu, kisha Jumapili moja akakaa kando yangu akaniomba radhi taratibu, "Malesh, dada. Mimi iko na watoto watatu kwetu Arua."

Siku ile niliporudi nyumbani shangazi alikuwa mlangoni. Aliniangalia miguu kwanza, yote miwili, kisha akaniletea maji ya kunawa. Nilitegemea mahubiri.

"Mto unaonekana kutoka kule?" aliuliza.

"Unaonekana wote, shangazi. Mpaka unapopinda."

"Na Gudele?"

"Mabati tu, yanang'aa. Sikuweza kuitambua nyumba yetu."

Akakaa kwenye kigoda karibu nami. "Nimezaliwa hapa," alisema, "na sijawahi kumpata mtu aliyefika kule juu nimwulize. Anza tena kwenye mto. Unapinda upande gani?"