Mjane Juu ya Mringaringa

Mwaka 1982 watu wa Endabash walikuwa wakipita mbali na nyumba ya Marsela. Mumewe, Tluway, alikuwa amefariki kabla ya mavuno, na kwetu Wairaqw mauti yakiingia kwako unawekwa kwenye meeta: huingii kwa jirani, huombi moto wake, ng'ombe wako hawachungwi na wa mwenzio, mpaka wazee waseme imetosha. Padri alihubiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Watu waliitikia amina, kisha wakarudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka.

Mimi nilikuwa na duka na trekta Karatu. Tluway alikuwa akiniuzia maharage, tukaitana ndugu, kwa hiyo Marsela akawa shemeji. Alikuwa ameletwa kutoka Mbulu akiwa msichana, mwembamba, mwenye mdomo, na tangu hapo hakuwahi kufika mbali kuliko mnada wa Karatu. Nilipokwenda kumpa pole nilisimama ng'ambo ya korongo nikapaza sauti, kama wengine wote. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukajaa korongoni, nawe ukawa unazungumza na mtu usiyemwona. Sauti yake ilikuja tu, laini, kama imetoka ndani ya maziwa.

Ndipo bwana nyama wetu, Piusi wa idara ya wanyamapori, aliposimamisha lori la dagaa lililotoka Mwanza kupitia Serengeti. Kwenye gunia moja alikuta mtoto wa sokwe, anapumua kwa shida.

Alikuja dukani kutafuta maziwa ya unga, ambayo mwaka ule wa uhaba ilibidi ujue mlango wa kugonga ndipo uyapate. Akanieleza mpango. Sokwe wanakwisha. Kuna kisiwa chenye msitu ziwani, wengine wamekwisha kuachiwa huko, na huyu angepata nafasi. Lakini kwanza akae pasipo na watu, maana mafua yetu humuua. Azoee miti. Na jioni apande ajijengee kiota chake, alale humo, kama sokwe wote. Masika yakianza, wataalamu wangekuja kumtazama. Asipojenga kiota, basi, atafungiwa kizimbani mjini mpaka afe.

"Sasa nitampata wapi mtu asiyetembelewa na mtu?" akauliza Piusi.

Biashara yote ni kujua nani ana kitu ambacho mwingine anakihitaji. Marsela alikuwa na upweke, tena wa daraja la kwanza. Nikampeleka Piusi mpaka korongoni.

"Shemeji," sauti ikatoka kwenye ukungu baada ya kutusikiliza, "mnyama atakula, atalala, atapanda mti. Na mimi?"

"Serikali itakupa posho," nikasema.

"Nikanunue nini? Ile sabuni unayoificha?"

Piusi akacheka mpaka akakohoa.

"Hakuna aliyeniazima maksai mwaka huu," Marsela akaendelea. "Nataka trekta. Shamba lote."

"Akishapona tutalima."

"Lima kwanza. Akifa utaniambia makubaliano yamekufa naye."

Nililima wiki ile ile. Sikupenda, lakini ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

"Jambo moja, mama," Piusi alimwambia siku ya kumkabidhi. "Usimpe jina. Ukimpa jina hutamwachia."

"Na mimi, nani ananiita jina siku hizi?"

Akawa anamwita "wewe".

Wewe alipona haraka. Tatizo lilikuwa mgongo wa Marsela. Sokwe alishika pale hakubanduka. Kila nilipopita nilimkuta Piusi kakaa upande wetu wa korongo na darubini yake, anaandika alichokula na tawi alilofika. "Bado analala ndani, karibu na jiko," aliniambia, uso umemshuka. Marsela akisimama chini ya mti, sokwe alipanda. Akigeuka kwenda zake, sokwe alishuka mbio.

Alasiri moja nilikuwa pale pamoja na mama mkwe wake, Antonia, ukungu ulipopasuka. Juu ya mringaringa, katikati ya maua meupe, tulimwona Marsela. Kanga ameifunga kama kaptura, anakunja matawi na kuyakalia.

"Wee Marsela!" Antonia akapiga kelele. "Shuka! Mjane anapanda mti?"

"Natandika kitanda, mama!"

"Mwanangu kakuachia kitanda cha mbao!"

"Hicho hakipandishiki huku, mama!"

Antonia akakaa juu ya jiwe. "Amerukwa na akili. Wazee watamwongezea mwaka mwingine."

"Waongeze! Huku juu naona mpaka kwao!"

Akawa analala huko kila alasiri, sokwe kifuani, ukungu ukipita chini yao, mti ukionekana hauna shina. Mimi si mtu wa kusimama bure, lakini siku hizo gari langu lilikuwa likizimika pale pale.

Wataalamu wakafika. Walikaa na sisi ng'ambo, jua likishuka. Marsela hakupanda. Aliibandua mikono ya sokwe shingoni mwake, mmoja, kisha wa pili, akaishikisha kwenye shina. Akaingia ndani akafunga mlango.

Sokwe alilia. Akarudi akaupiga mlango kwa viganja.

"Fungua basi," Piusi akanong'ona, mpango wake mwenyewe umemtoka kichwani.

Mlango haukufunguka. Mwishowe sokwe akapanda mpaka kwenye kitanda cha Marsela. Akakinusa. Halafu akaanza kukibomoa, tawi baada ya tawi, akiyatupa chini. Akapanda juu zaidi, akavuta tawi lake akalikunja, akavuta jingine, akaminyaminya kama mteja anayepima godoro dukani kwangu. Akalala.

Ukungu ukapanda. Ukafunika nyumba, ukafunika shina, kikabaki kile kiota peke yake kikielea angani. Mtaalamu mmoja akafunga kalamu yake akasema, "Huyu tutamchukua."

Nikaweka viganja mdomoni. "Shemeji! Amelala!"

Kisha sauti ikaja kutoka chini kwenye weupe, imekwaruza kidogo.

"Punguza makelele, shemeji. Utamwamsha."