Mwalimu wa Wagiriki

Jumamosi moja mwaka huu binti yangu, anayesoma mwaka wa kwanza chuoni hapa Morogoro mjini, alikaa jikoni kwangu na madaftari yake huku mimi namenya magimbi. Alikuwa na mtihani. Akawa ananisomea kwa sauti, kama alivyozoea tangu mdogo, ili mambo yamkae kichwani: kwamba Wagiriki wa kale waliacha kusema ugonjwa ni hasira ya miungu, wakaanza kutafuta chanzo chake, kwamba walitaka kila neno liwe na hoja nyuma yake, kwamba sayansi tunayosoma leo, hata hesabu za pembetatu, imepita mikononi mwao. Akafunga daftari akaniuliza, "Mama, haya ya watu waliokufa zamani hivyo yanatuhusu nini sisi wa huku?"

Nilimjibu kwamba nilifundishwa hayo nikiwa darasa la sita, juu milimani, chini ya bati lenye matundu. Akacheka, akadhani namtania. Sikuendelea. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, nitakueleza.

Kijiji chetu kiko ubavuni mwa Uluguru, mahali ambapo ukitoka alfajiri na kabichi kichwani unafika soko la mjini jua limeshapanda. Asubuhi ukungu ulitanda mpaka tukawa tunasikia kengele ya misheni bila kuliona kanisa. Bibi alichemsha magimbi na maharage kwenye chungu kimoja, na mpaka leo moshi wa kuni mbichi ukinipata puani nahisi kama naitwa kula. Kazi yetu watoto wa kike ilikuwa maji. Sisi wa juu tulichota kwenye chemchemi. Watu wa kitongoji cha chini walichota kwenye mfereji ulioshuka kando ya mashamba, maji yake baridi, maangavu, na ukiinua jiwe unakuta kaa wadogo wanakimbizana.

Mwalimu alikuja kwetu akitokea tambarare za Dakawa. Alikuwa amesoma seminari akaacha, kwa sababu ambayo hakuisema, na mali yake ya thamani ilikuwa kitabu kinene cha habari za Wagiriki, kisicho na jalada, alichokivika gazeti. Siku moja alitutoa nje tuupime mkaratusi wa shule bila kuupanda. Alichomeka fimbo ardhini, tukangoja juani mpaka kivuli cha fimbo kikalingana na fimbo yenyewe, ndipo akatuamuru tukimbilie kivuli cha mti na kamba, tukipime. Alisema kuna Mgiriki aliyepima makaburi makubwa ya Misri kwa njia hiyo, na kwamba Mgiriki huyo mwenyewe alikuwa ameenda Misri kujifunza, kwa hiyo tusidhani elimu ina kwao mahali pamoja tu.

Ukimwambia jambo lolote, alikuuliza, "Umejuaje?" Hata ukimwambia mvua itanyesha. Alimwuliza bibi pia, amejuaje kwamba maharage ya mbegu yamekauka vya kutosha. Bibi aling'ata moja mbele yake akamwambia asikilize linavyolia. Jioni ile bibi akasema mwalimu wetu anauliza kama mtoto, na kwa bibi hilo halikuwa tusi.

Alitusimulia pia habari za mzee wa Kigiriki aliyehukumiwa kunywa sumu kwa sababu ya maswali yake. Rafiki yangu, mtoto wa jirani yetu wa shamba, wa kitongoji cha chini, tuliyekaa naye dawati moja, akauliza kwa nini hakutoroka. Mwalimu akasema marafiki zake walimtafutia njia, akakataa. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba yeye angekimbia.

Msimu ule viwavi walizikalia kabichi. Baba alishuka mjini akarudi na dawa mpya, kali, chupa zake zimechorwa fuvu. Baba alikuwa mpole, mtu wa kucheka kwa macho tu, na hakujua kusoma. Tena, kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba alikuwa mkwe, analima kwa ruhusa ya wajomba, na mjomba mkubwa akisema ondoka, mkwe anafunga virago.

Kwanza walikufa bata wa kitongoji cha chini. Kisha wakaanza kuugua watoto. Walitokwa na mate na jasho, wakatapika, wakatetemeka, wakalalamika kwamba hawaoni vizuri. Zahanati ilikuwa mbali na dawa za tumbo walizopewa hazikusaidia. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, akafa. Mjomba mkubwa akasema mizimu imekasirika kwa kuwa chemchemi haijatambikiwa. Wengine wakaenda kuombewa misheni.

Mwalimu hakumbishia mtu. Alituita tukachora kijiji kizima chini kwenye vumbi, jiwe moja kwa kila nyumba, na kwenye nyumba zenye wagonjwa tukaweka jiwe jeusi. Alisema kulikuwa na waganga wa Kigiriki waliofundishana kwamba ukifika mji mgeni, uliza kwanza watu wake wanakunywa maji gani. Tukauliza nyumba kwa nyumba. Mawe meusi yote yalikuwa ya wanaokunywa mfereji. Basi akaugawa mfereji vipande vipande, kila mwanafunzi akague chake na aandike alichokiona kwa macho yake, si alichosikia.

Mimi nilipewa kona iliyopita chini ya shamba letu.

Nilimkuta baba amechutama kando ya maji, anasuuza bomba la kupigia dawa. Maji yaliyokuwa yakitoka mle yalikuwa meupe kama tui. Aliyamwaga yote mferejini, akachovya chupa, akaitikisa, akamwaga tena. Aliponiona alitabasamu, akanipa ndizi mbivu aliyokuwa ameiweka kando. Nilimuuliza kwa nini anaoshea pale. Akasema maji yanayotembea hayashiki uchafu. Ndivyo wote walivyokuwa wakisema, hata bibi.

Niliila ile ndizi. Kisha nikaandika kwenye daftari: sikuona kitu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mwalimu aliwasihi watu wasinywe maji ya mfereji, akasema yumkini kuna dawa ya shamba inaingia humo. Mjomba mkubwa akauliza ni dawa ya nani. Mwalimu akasema hajui bado, ila watoto wamekagua, akasoma daftari moja baada ya jingine. Alipofika langu akasita. Akaniita mbele.

"Pale konani ulifika mwenyewe?"

"Nilifika, mwalimu."

"Ukaona nini?"

Baba alikuwa amesimama nyuma ya wajomba, kofia mkononi. Nikamtazama mjomba mkubwa, nikamwona baba akilini mwangu anashuka mlima na virago vyake. Nikasema, "Sikuona kitu."

Mwalimu akaandika. Mjomba mkubwa akasimama akasema kwamba huyu mtu wa tambarare anawafundisha watoto kuwapeleleza wazazi wao, na watu wakaitikia. Wakarudi majumbani wakachota maji palepale.

Siku ya nne rafiki yangu hakuja shule. Nilipopita kwao jioni nilimkuta amelazwa kwenye mkeka, mama yake anamfuta mate kwa kanga, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hakunitambua. Walimbeba kwa machela kuteremka naye hospitali, na waliporudi machela ilikuwa imefunikwa.

Nilikaa peke yangu kwenye dawati letu kwa wiki mbili. Uvumi nao ukakua. Walisema mwalimu ndiye aliyetia sumu mferejini ili maneno yake yaaminiwe. Barua ya uhamisho ikaja upesi. Aliondoka asubuhi ya mvua, sanduku la bati kichwani, na hakuna aliyempokea mzigo. Nilimfuata mpaka kwenye daraja la magogo, nikamwambia niliona. Akaniuliza nilimwona nani. Nikamwambia ni baba.

Akatua sanduku, akalikalia. "Nilijua," akasema. "Vipande vingine vyote vilikuwa safi. Kilibaki chako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Sikuwa nimeona kwa macho. Nikataka useme wewe." Akajifuta mvua usoni. "Nilikosea. Mtoto hatwishwi mzigo ule. Rudi, mwambie bibi yako sasa hivi, usingoje mimi nifike chini."

Nilikimbia. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwita baba nyuma ya nyumba. Walichosema sikukisikia. Nilichokiona ni baba, mtu mzima, akikaa chini kwenye matope. Tangu siku ile hakusuuza tena bomba mferejini, na ugonjwa ukakoma. Mjomba mkubwa akasema ni tambiko lililofanya kazi. Wengine wakasema ni kwa sababu mwalimu ameondoka.

Bibi hakumwambia mtu, nami nikafuata nyayo zake. Ila kila msimu, kabla hajagusa shamba lake, baba alibeba jembe akaenda kumlimia jirani, yule mama wa rafiki yangu. Hakukubali chai wala maji ya kunywa. Watu walimsifu. Padri alimtaja kanisani kuwa ni mfano wa kuigwa. Alilima hivyo mpaka mgongo ulipokataa, na tulipomzika, wasifu wake uliosomwa kaburini ulianza na huruma yake kwa majirani. Mimi ndiye niliyeusoma.

Baada ya siku ile ya magimbi sikupata usingizi mzuri. Wiki iliyofuata nikapanda mlima. Jirani bado yuko hai, mzee sana, anaishi kwenye nyumba ileile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunivutia kigoda. Nikamweleza yote, ya kona, ya ndizi, ya daftari. Alisikiliza huku anapepeta maharage kwenye ungo.

"Nilikuwa najua," akasema. "Mtu hamlimii mwenzake miaka yote ile kwa huruma tu."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema wajomba wangemfukuza baba, sisi tungebaki bila baba, na mwanawe asingefufuka. "Nikamwacha alime. Alipokuwa analima nilisimama mlangoni namtazama. Alijua kwamba ninajua."

Kisha akauliza habari za mwalimu. Nikamwambia nilisikia aliacha kazi, akarudi Dakawa kulima mpunga, na huko alifia. Akauliza kama aliacha watoto, ili waambiwe kwamba baba yao alisema kweli. Nikamwambia hilo sijui.

Kutoka mlangoni pake nilikuwa naona palipokuwa mfereji. Sasa ni ufa mkavu wenye magugu, maji yanapita kwenye bomba la plastiki. Mkaratusi umekatwa mbao. Shule imehamia karibu na barabara na madarasa ya zamani hayana paa. Kaa walikwisha zamani. Nilipowauliza watoto waliokuwa wakicheza uani, hawakujua kwamba waliwahi kuwepo. Kitabu cha mwalimu sijui kiliishia wapi, na sisi tuliochora kijiji kwa mawe tumetawanyika, wengine wamekufa, na hatujawahi kukaa pamoja tukakubaliana kwamba ilitokea.

Jirani aliweka ungo chini, akaniuliza nina umri gani sasa. Nikamtajia. Akanitazama polepole, usoni, kwenye mikono, kwenye mvi zangu, kama mtu anayejaribu kumwona mwingine, yule niliyekaa naye dawati moja.