Kukaza kabla ya mlipuko

Nisikilize, mama mwenzangu. Tangu hedhi yangu ikome, kila mgodi wa jirani unapolipua miamba nashtuka, na mkojo unanitoka. Jumapili moja ulilowesha kitenge changu cha kwaya.

"Mama, ile ni jasho ao ni nini?" mwimbaji wa pembeni aliniuliza akicheka.

Niliacha kuimba. Nikaenda zahanati, muuguzi akanifundisha kukaza misuli ya chini inayozuia mkojo mara king'ora cha mgodi kinapolia, kabla ya kishindo. Hii ni wiki ya sita, na jana nililowa tena. Sina la kufanya ila kuendelea. Muuguzi anasema misuli huchukua miezi kupata nguvu.

Tufanye pamoja: keti, kaza kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano huku ukipumua, legeza, rudia mara kumi.