Ng'ombe wa Umri Wangu

Tarehe yangu ya kuzaliwa ilitungwa na mwalimu. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza alimwuliza baba nimezaliwa lini, baba akamjibu kwamba nimezaliwa pamoja na yule ndama mwekundu mwenye baka jeupe pajani. Mwalimu akasubiri. Baba naye akasubiri, maana alikuwa ameshajibu. Mwishowe mwalimu akaandika alichoona kinafaa, na tarehe hiyo ndiyo ninayozeeka nayo.

Cha kuchekesha, au cha kuliza, ni kwamba nilikuja kuwa karani wa kusajili vizazi na vifo hapa Bariadi. Kazi yangu kutwa ni kuwauliza watu lini. Mama anakuja na mtoto mgongoni, namwuliza lini, ananiambia ilikuwa wakati wa kupalilia pamba, mvua ilikuwa imekata na watu wamekata tamaa. Nina hasira za karibu, sikatai, na foleni ndefu inanizidishia. Nilikuwa nawakatiza. Mama, nilikuwa nasema, mimi sitaki hadithi, nataka tarehe.

Na mimi ndiye niliyepaswa kuelewa kuliko wote. Nyumbani kwetu kila alipozaliwa mtoto, baba alichagua ndama jike wa msimu uleule, akawa mwenzake wa umri. Hukupewa umle wala umuuze, ulipewa muende sambamba. Wangu alizaa mara ya kwanza nilipoanza kutumwa chumvi kwa jirani. Bintiye alizaa mwaka nilipokwenda kusoma Maswa. Mjukuu wake alizaa mapacha kiangazi kile mama yetu alipofariki. Jioni ng'ombe wakirudi na vumbi lao, baba alisimama mlangoni mwa zizi akiwataja mmoja mmoja, nani kazaliwa na nani, na kwa kila mmoja akaongeza neno moja la mambo yetu. Utotoni nilidhani ndiyo sala. Nilikuwa nasinzia nikimsikiliza, na miaka yetu ilipita mbele yangu ikiwa na pembe, polepole, ikinusa maji.

Ndugu zangu wakaoa na kuolewa mbali, ng'ombe wa umri wao wakaishia kwenye mahari na maradhi. Ukoo wa yule wangu ndio uliobaki zizini. Halafu macho ya baba yakaanza kufifia.

Nikamchukua aje kukaa nami mjini. Nilimjengea chumba upande wa mashariki, nikaweka taa, feni, saa ya ukutani na kalenda kubwa yenye picha ya maua. Na wale ng'ombe wawili waliobaki kijijini, mama na bintiye, niliwapeleka mnadani baba akiwa bado hospitali kwa ajili ya macho. Nilijiambia hakuna wa kuwachunga. Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba sikumwuliza kwa sababu nilijua angekataa, nami nilikuwa na haraka, kama siku zote.

Aliporudi aliuliza habari zao, nikamwambia. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikaa kitandani ameshika magoti yake, akasema sawa, mayu, umefanya kazi. Kwetu mayu ni mama, na baba huwaita hivyo hata binti zake. Tangu siku hiyo akaanza kupotea.

Hakupotea njia, alipotea siku. Asubuhi aliniuliza leo ni lini, nami kabla ya kutoka kwenda kazini nikamsomea kalenda, siku na mwezi na mwaka. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni namba, mayu. Nimekuuliza ni lini."

Mchana mmoja nilirudi kumpa chakula, akaniuliza mama bado hajarudi kisimani? Nilimwambia mama alishafariki, baba, zamani. Lini? Nikamtajia mwaka, kwa sauti ile ya ofisini. Mwaka ule haukushika popote kichwani mwake, na mzee wangu akalia kilio cha mtu aliyepata msiba saa ileile. Wiki iliyofuata akauliza tena. Akalia tena. Nilimwua mama mara nne mwezi ule, na kila mara nilikuwa na tarehe sahihi.

Mara ya nne, alipotulia, alisema jambo ambalo liliniondolea usingizi.

"Naogopa kufa sijui nimeishi lini."

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuwa amekaa mapajani kwangu mzima mzima. Nilitaka kuwakomboa wale ng'ombe, lakini wa mnadani hawana anwani, walikuwa wameshaliwa. Nikawa namtazama baba akiwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba, saa ya ukutani ikigonga chumbani bila mtu wa kuisikiliza.

Kisha alasiri moja, kati ya kulala na kuamka, akasema: mmoja yuko Lingeka. Nikadhani anaota. Lakini niliposogea nikakumbuka hata mimi. Wafugaji wa kwetu hawaweki ng'ombe wote zizi moja, maana maradhi yakiingia yatafagia. Zamani sana baba alimpa rafiki yake wa Lingeka ndama mmoja wa ukoo ule amfugie. Maziwa yake rafiki, uzao wa baba.

Niliomba ruhusa ya siku mbili kazini, baba nikamwacha kwa jirani. Nilifika Mwanhuzi mchana, nikachukua pikipiki, na kutoka hapo nchi ikawa kavu na pana, mahali ambapo unakwenda na kwenda na mlima uko palepale. Sikutazama simu. Nilihisi nikirudi nyuma kila tulipovuka korongo, nikawa binti wa sekondari, nikawa wa kutumwa chumvi. Nilipofika kwenye boma nilikuwa mdogo kabisa.

Nilimkuta mjane wa yule rafiki, bibi mwembamba, amekaa chini akichambua pamba. Nilipiga goti nikamsalimu kwa lugha yetu, mwadila, nikajieleza mimi ni nani. Akaniambia mumewe alishatangulia. Lini, bibi? Tazama mdomo wangu ulivyozoea kazi. Akanyoosha kidevu kumwonyesha ng'ombe mwekundu aliyelala karibu na mlango wa zizi, baka jeupe pajani, akasema wakati ule mama yake huyo alikuwa na mimba yake.

Nilitoa daftari. Akaniambia nilirudishe kwenye mkoba. Akaanza kunitajia ukoo, kuanzia ndama wa baba, uzazi kwa uzazi, na kila mmoja na neno lake: huyu wa mafuriko, huyu wa harusi ya binti yetu, huyu wa mwaka tuliokula mihogo tu. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Karani mzima, nina cheti, nimekaa mavumbini nikikariri kama mtoto wa chekechea, hadi vivuli vikawa virefu na pamba yote imechambuliwa. Asubuhi yake akanipa yule mwekundu mwenye baka, mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Akasema huyu ni wenu, maziwa tumekunywa sisi. Tukarudi na lori tupu lililokuwa linakwenda Bariadi.

Baba alikuwa kivulini. Hakumwona, lakini alimnusa. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtamba, akateremsha mkono shingoni, mgongoni, hadi pale penye baka, akaupumzisha hapo. Nikaanza kutaja. Mwanzoni nilikimbiza maneno, kisha sauti yangu ikapata mwendo wa ng'ombe. Nilipofika kwa yule wa mihogo baba akanizuia.

"Hapo. Hapo ndipo mama yako alipotutoka."

Alilia, lakini safari hii alilia kama mtu anayejua anachokililia. Hakuniuliza tena habari za kisimani.

Nikaendelea hadi kwa mtamba mwenyewe, aliyezaliwa Lingeka masika ya miaka michache nyuma. Baba akageuza uso kwangu.

"Na huyu alipozaliwa, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikafikiri. Masika yale. Ningeweza kumwambia idadi ya vyeti nilivyopiga mihuri, ningeweza kumwambia semina gani nilihudhuria. Nilitafuta kitu kimoja changu, mvua moja niliyoisikiliza, mtu mmoja niliyecheka naye, sikuona. Nikamjibu nilikuwa kazini, baba. Siku zote? Siku zote. Alinipapasa kichwani kama alivyompapasa mtamba. Niliona aibu ambayo hadi leo sijui niiweke wapi.

Baba alikaa nasi masika mawili. Jioni alimtaja yule mmoja pamoja na wazee wake wote, na majirani walidhani mzee anaongea peke yake. Alifariki asubuhi tulivu mtamba akiwa na mimba kubwa. Kifo chake nilikisajili mwenyewe. Nilijaza tarehe kwenye fomu, nikaitazama, haikuniambia chochote.

Wiki ya tatu baada ya mazishi mtamba alianza kuhangaika alfajiri. Nilimpigia mkubwa wangu kuomba ruhusa, akataka niandike sababu, nikaandika: kuna uzazi nyumbani. Akauliza wa nani. Nikamwambia nitamweleza.

Jua lilipochomoza ndama alikuwa ametoa miguu ya mbele, nikaishika, ikaniteleza, nikaishika tena. Alitoka mzima, jike, mwekundu, na damu na ute vikanijaa kifuani. Nilikaa naye kwenye majani. Kivulini palikuwa na kiti cha baba. Nikakijibu kwa sauti, maana swali lilikuwa bado linaningoja.

"Nilikuwa hapa, baba. Nilikuwa nimeshika miguu yake."