Nilimtaka Mama Ajifanye Shangazi Yangu

Admin, nifiche jina, ila sifa usizifiche. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, naishi Alby hapa Stockholm na mama yangu na mdogo wangu wa kike. Kwetu ni Bukavu. Shule na mimi hatujawahi kupendana, lakini mpira! Nina mguu wa kushoto ambao mabeki wa huku wakiuona wanaanza kukumbuka dhambi zao. Wewe unayecheka hapo kwenye maoni, njoo uwanjani, na uje na bandeji.

Sasa sikilizeni. Huku wanasema mpira wa vijana ni wa wote. Ni wa wote kweli, mradi uwe na mzazi mwenye gari na Jumamosi isiyo na kazi. Kila mzazi ana zamu: kuuza kahawa na soseji kwenye kibanda cha uwanjani, kupeleka wachezaji mechi za mbali, hata kuuza makaratasi ya chooni mtaani ili timu ipate jezi. Mama yangu anafanya usafi hospitalini, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Nilipojiunga na timu hii ya mjini miaka miwili iliyopita, kulikuwa na mchezaji mmoja wa mtaa wa Hjulsta, mkali karibu kama mimi (nimesema karibu). Wazazi wake hawakuonekana hata mara moja. Watu wakaanza kunong'ona kwamba familia yake haijitumi, akawekwa benchi, mwisho akaacha mwenyewe.

Nikaogopa. Orodha ya zamu iliponifikia nikasema, "Mama yangu yuko Kongo. Hapa naishi na shangazi, naye ni mgonjwa." Ulimi ulikimbia kuliko miguu yangu. Toka siku hiyo mama wa mwenzangu Gustav akabeba zamu zangu zote. Ananipeleka mechi kwa gari lake, ananifungia mkate wenye jibini, ananiuliza, "Mama yako anaendeleaje?" Nami najibu kwa sauti ya huzuni, mwigizaji kabisa.

Wiki iliyopita kocha akaniita. Timu ya wakubwa inanitaka, mkataba upo. Ila sijafika miaka kumi na nane, kwa hiyo Ijumaa lazima mlezi aje asaini. Na kocha huyu mwaka jana alimfukuza mchezaji kwa kudanganya kwamba ameumia. Alisema, "Mguu mbaya nitaufundisha. Uongo siufundishi."

Jumapili baada ya kanisa nikamkuta mama jikoni anasonga bugali. Nikamweleza yote, nikamalizia, "Kwa hiyo mama, wakikuuliza Ijumaa, weye ni shangazi."

Mwiko ukasimama.

"Shangazi. Na mama yako yuko wapi?"

"Kongo."

"Anaendeleaje huko?"

"Mzima."

"Umsalimie."

Akaendelea kusonga. Mdogo wangu akaangua kicheko, mimi jasho linanitoka. Tukala. Akiondoa sahani ndipo akasema, "Nitakuja. Nitavaa kitenge changu, nitawaambia mimi ndiye niliyekuzaa. Ukitaka kuwaambia kabla yangu, siku unazo."

Kana kwamba hayo hayatoshi, jana mama Gustav kanitumia ujumbe. Ijumaa wazazi wote watakuwepo, yeye ataoka keki, na anataka tumpigie mama simu ya video huko Kongo, aone mwanawe anavyosaini. Amejifunza hadi kusema "hongera" kwa Kiswahili!

Nikarudi kwa mama kumbembeleza. "Lakini mama, Ijumaa si unatumika kule hospitalini?"

"Nimeomba ruhusa."

"Kumbe huwa wanakupa?"

"Wanatoa. Miaka miwili hii, weye hukuniomba hata siku moja."

Mimi mwenye mdomo unaojulikana Alby nzima nikachukua ufagio, nikaanza kufagia jikoni.

Leo ni Jumatano. Nikisema kesho mazoezini, mkataba unaweza kwenda na maji, na yule mama wa watu sijui nitamtazama kwa macho gani. Nikinyamaza, Ijumaa mama yangu atasimama peke yake mbele yao, na watamwona mwanamke aliyekwepa zamu miaka miwili. Kutukana tukaneni, nimezoea kelele za mashabiki, ila kati ya matusi hayo nipeni na akili kidogo: nianze na nani kesho, kocha au mama Gustav? Na neno la kwanza niseme lipi?