Nilifuta mlango wa nyuma kubana bajeti, sasa baba na mke wangu hawawezi kupishana koridoni (Kyela)

Wakuu, laki saba na themanini. Ndiyo niliyookoa kwenye ujenzi, na ndiyo iliyomrudisha baba yangu kijijini.

Nimeihesabu mara mbili, haijaongezeka. Naandika kama ilivyokuwa, aibu yenyewe ni yangu.

Nauza mchele hapa Kyela mjini. Nilipopata kiwanja nikachukua ramani ya kwenye simu: vyumba vitatu, sebule, korido moja, choo kimoja cha ndani. Siku hizi mjini wengi tunajenga hivyo. Familia ndogo, nyumba ndogo. Sisi tuko wanne.

Fundi, mtu mzima asiyecheka, akashauri chumba cha nyuma kiwe na mlango wa nje na choo chake. Akataja hiyo bei. Mimi kupatana ndiyo kazi yangu.

"Punguza, fundi."

"Bei haipungui. Labda tupunguze mlango."

"Punguza, na choo chake."

Nikajiona mjanja kweli.

Mama alishafariki. Kule Ipyana baba alibaki peke yake kwenye boma lililokuwa na watu kumi na mmoja, nyumba tatu. Ndugu zangu wako Mbeya, Tunduma, Dar. Magoti ya mzee yamechoka. Nikamleta kwangu na bajaji.

Kwa wasio wa huku: Wanyakyusa tunaoshika mila, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Tunaita ukutila. Ni heshima, si ugomvi. Kijijini haisumbui, kila mtu ana nyumba yake na migomba katikati.

Kwenye korido ya mita moja na robo (nimepima mara mbili) ni balaa.

Asubuhi ya kwanza mke wangu katoka na ndoo, kasikia kikohozi cha mzee, karudi chumbani mbio. Mzee naye karudi chake. Nikabaki koridoni kama trafiki.

"Mama Gwamaka," nikamwambia, "hapa mjini tulegeze kidogo."

"Legeza wewe, ni baba yako. Mimi wataniuliza nilifundwa na nani."

Siku ya tatu nikakuta chai ya mzee haijaguswa. Maji pia.

"Tata, unaumwa?"

"Siumwi. Nisipokunywa, sitoki. Nisipotoka, mkwe wangu anafanya kazi zake."

Wakuu, nikakitoa kikombe nje kama kilivyo.

Siku ya nne akaomba bajaji ya kurudi.

Nikamfuata fundi. "Bosi," akasema, "ulichukua ramani ya watu wasio na wakwe." Kugeuza dirisha kuwa mlango, pamoja na choo: milioni moja na laki mbili. Safari hii sikuomba apunguze.

Nilichojifunza: ukijenga, usihesabu vichwa tu. Hesabu na nani hapishani na nani.

Sasa naomba ushauri. Msingi wangu uko juu futi tatu kwa ajili ya mafuriko, kwa hiyo mlango mpya unataka ngazi. Fundi anasema tumwage mteremko wa zege, jirani anasema mvua zikianza utateleza. Mlango wa mbele nilimpandisha mimi kwa kumshika mkono. Nikiwa sokoni, mke wangu hawezi kumshika.

Mliowajengea wazazi wenye magoti mabovu, mlifanyaje? Semeni mapema, masika yanakaribia na mzee yuko peke yake.