Somo la Beseni Moja

Nilihamishiwa Tunduma nikiwa na begi moja, jiko la mkaa na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Ndugu zangu wote walibaki Lushoto. Huku sikuwa na mtu. Nilipanga vyumba viwili pale Chapwa, ua mmoja na bibi wa Kinamwanga aliyeishi na mjukuu wake, binti wa darasa la nne katika shule niliyopangiwa kufundisha. Mama wa binti alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, akiuza mitumba, na alikuja akijaliwa.

Mimi si mtu wa kuzoeleka. Ukweli nausema mapema mno, salamu nazisahau, na nikikasirika sauti yangu inafika barabarani. Walimu wenzangu walinigundua ndani ya wiki moja wakaniachia meza yangu ya pembeni. Kengele ya kutoka ikishalia, hakukuwa na aliyeniita hadi kesho yake asubuhi.

Isipokuwa bibi. Siku ya nne tu tangu nihamie, nilisikia sauti uani.

"Mwalimu! We mwalimu! Njoo tule, ugali unapoa huku!"

Nilikwenda kwa aibu, nikala kama mtu aliyetoka kifungoni. Tangu hapo ikawa kila jioni kabla jua halijazama: mkeka mmoja, sahani moja ya ugali, bakuli moja la kapenta, wale dagaa wanaovushwa kutoka Zambia. Kabla ya kula, bibi alileta beseni la maji. Alinipa mimi kwanza kwa kuwa ni mgeni, akapiga magoti na kupiga makofi mawili ya taratibu, kama wanavyofanya kwao wakikuheshimu. Nikishanawa alinawa yeye, na mjukuu akanawa mwisho, katika maji yale yale.

Mimi ndiye mwalimu wa afya. Kitu hicho nilikiona kila jioni na sikusema neno. Nilikuwa wa kwanza kunawa, maji yangu yalikuwa masafi, sikuona tatizo.

Halafu kipindupindu kikaingia mjini. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia shule iko mikononi mwangu. Nakiri nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilihitajika. Nilibuni somo ambalo hata leo naliona zuri: niliweka beseni la maji mbele ya darasa, nikaita watoto kumi wanawe mikono mmoja baada ya mwingine, kisha nikachota maji yale kwa glasi, nikainua juu na kuuliza nani atakunywa. Darasa lilipiga kelele za kinyaa hadi darasa la jirani likaja kuchungulia.

"Sasa sikilizeni," nikawaambia. "Anayenawa mwisho ananawa uchafu wa wote."

Mjukuu wa bibi alikuwa amekaa dawati la mbele. Aliandika sentensi ile kwenye daftari lake na kuipigia mstari kwa rula.

Wiki ile ile bibi alifiwa na kaka yake mkubwa. Ulikuwa uzee tu, si ugonjwa ule, na msiba ukawekwa uani kwetu. Wanawake tulikaa kwenye mikeka, wengine wametoka Nakonde, wengine vijiji vya Momba. Chakula kilipoiva, bibi mwenyewe, macho yamevimba kwa kulia, alizungusha beseni. Lilianza kwa wazee, likapita kwa kila mkono, likaishia kwa mjukuu wake. Binti alirudisha mikono nyuma.

"Sinawi. Mwalimu kasema wa mwisho ananawa uchafu wa wote."

Wote walinigeukia. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeinamisha kichwa, akamvuta bibi pembeni na kumwambia taratibu. Mimi nilisimama. Nilisimama katikati ya wafiwa nikatoa somo zima, kuanzia choo hadi mdomo, na nikamalizia kwa kusema maji yale yamwagwe. Bibi aliliinua beseni, akatembea nalo hadi nyuma ya nyumba, akamwaga. Aliporudi hakunitazama.

Nilikuwa sahihi. Ningerudia somo lile kesho, maana watu walikuwa wanakufa mjini. Lakini jioni iliyofuata hakuna aliyeniita, wala ya pili yake, wala ya tatu. Nilipika wali wangu nikaula nimesimama, redio imewashwa kwa sauti kubwa ili nisiwasikie wakila uani. Niliwasikia hata hivyo. Nilimkumbuka bibi yule kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mtu ambaye hata si ndugu yangu.

Wageni kutoka ofisi za mkoa kule Vwawa walikuja shuleni wakanipongeza mbele ya wanafunzi. Mtaa wetu haukupata mgonjwa hata mmoja. Jioni ile nilipochungulia dirishani niliona bibi ametundika kibuyu chirizi mlangoni kwake, kidumu chenye tundu na kamba ya kukanyagia, na kipande cha sabuni pembeni. Nikajua amenisamehe, nikasubiri kuitwa.

Badala yake alikuja mjukuu, na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine na kufungwa kwa kitambaa cheupe.

"Bibi kakuletea, mwalimu. Na kijiko chako hiki hapa, tumekichemsha."

"Bibi amenikasirikia?"

Alishangaa. "Hapana! Bibi anasema mikono yetu inakutia kinyaa, ila ulikuwa unatuvumilia tu. Anasema tusikusumbue tena."

Nilibeba sahani ile nikatoka naye hadi uani. Bibi aliponiona aliinuka kwa haraka, akaingia ndani, akarudi na kiti na kukipangusa kwa kanga yake.

"Kaa hapa, mwalimu wetu. Hapa pasafi."

"Bibi, mimi nataka kukaa na nyinyi."

Nilinawa pale mlangoni kwa sabuni, nikaketi kwenye mkeka, nikaweka chakula changu katikati karibu na chao. Nikamega ugali kwenye sahani yao. Bibi aliondoa mkono wake kwenye sahani, akamgusa mjukuu, naye akaondoa wake. Niliwasihi wale, wakatikisa vichwa kwa adabu. Nikamega tonge la pili, nikalitafuna, na wao wamekaa wakinitazama kwa upole, mikono yao misafi imelala mapajani, wakisubiri nimalize.